Mkono wa gitaa hauna shida, shida ni vile tunafunga nyuzi

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwa ukurasa wa barua nitoe dukuduku langu. Najua kuna msomaji atauliza gitaa inahusiana nini na bei ya unga, lakini hapa Nairobi watu wanaokula kwa gitaa si wachache, kuna wa kanisani, kuna wa harusi, kuna wale wa benga na rumba wanaopiga vilabuni kila wikendi mpaka asubuhi, na wote hao wakikosa tuni, yaani nyuzi zikikosa sauti zake sahihi, wanakosa kazi, kwa hivyo hili nalo ni jambo la unga.

Kuna ushauri umeenea sana mjini, ati gitaa ya umeme yenye ule mkono wa kutikisa sauti haikai kwa tuni, kwa hivyo ukinunua moja kitu cha kwanza ni kuchomoa mkono uweke kabatini, ukaze springi za nyuma mpaka mwisho, ama upachike kipande cha mbao huko ndani ili briji, kile chuma kinachoshikilia nyuzi kwa mwili wa gitaa, isisonge tena. Vijana wanaambiwa hivyo na mafundi, mafundi wanaambiwa na wauzaji, na muuzaji naye hajawahi kufunga uzi hata mmoja. Mimi natengeneza gitaa na napiga pia, na zile zinazoletwa kwangu zikisemekana zina mkono mbovu, nyingi sana mkono wenyewe ni mzima kabisa. Kilicho kibovu ni vile nyuzi zimefungwa, ama nafasi za nyuzi pale juu ya shingo zinazibana, ama mtu aliweka nyuzi nene kuliko za kwanza na hakugusa springi.

Halafu kuna hii ya kuuziwa vitunio, vile vya kuzungusha kule kichwani mwa gitaa kukaza nyuzi. Duka moja pale katikati ya mji, sitalitaja, lilimwambia kijana wa kwaya yetu ati vifunguo vyake vya kutunia vimelegea, akauziwa seti mpya nzima kwa pesa ambazo zingemnunulia nyuzi za mwaka mzima, akafungiwa, akarudi kanisani, wimbo wa pili gitaa imeshapotea tena. Mimi nilichukua penseli ya mtoto nikapaka ile risasi nyeusi kwa zile nafasi za juu, basi, ikatulia. Vitunio vyake vya kwanza havikuwa na neno.

Wacha nieleze inavyofanya kazi maana hapa ndipo watu hupotea. Leo Fender alipotoa Stratocaster mwaka wa 1954, aliifanya briji na mkia viwe kitu kimoja kinachocheza. Mbele kinashikwa na skrubu sita, chini yake kuna kipande kizito cha chuma kinachoingia ndani ya mwili wa gitaa, na huko nyuma ukifungua kile kifuniko cha plastiki utaona springi, mara nyingi tatu ingawa nafasi ni za tano, zimeshikwa na kachuma kenye skrubu mbili ndefu zinazoingia kwa mbao. Sasa nyuzi zinavuta upande mmoja, springi zinavuta upande mwingine, kama watu wa kuvuta kamba siku ya michezo shuleni, na briji ndiyo ile leso imefungwa katikati ya kamba. Si nguvu ndogo hiyo. Seti ya nyuzi ya 10 hadi 46, huo ni unene kwa sehemu za elfu za inchi, ikiwa kwa tuni ya kawaida kwa gitaa ya aina hii inavuta kama kilo 46 zote pamoja. Ya 9 hadi 42 inavuta kama kilo 38. Kwa hivyo ukitoka 9 ukaweka 10 umeongeza kilo nane upande mmoja, na upande ule mwingine hujaongeza chochote, halafu unashangaa briji imesimama kama inataka kuruka na nyuzi ziko juu ya shingo mpaka kidole kinauma! Dawa yake si kununua gitaa ingine. Legeza nyuzi kidogo, chukua bisibisi, kaza zile skrubu mbili za nyuma nusu mzunguko kila moja, tuni tena, angalia. Bado? Nusu ingine. Ukirudi kwa nyuzi nyembamba unafanya kinyume. Kiwango cha kiwandani ni ule mkia wa briji uwe umeinuka juu ya mwili kama milimita 3 hivi, ndio mkono uweze kushuka na pia kupanda kidogo.

Na zile skrubu sita za mbele, tafadhali, jameni, msizikaze mpaka chini. Nimeona nyingine zimekazwa kama za mlango wa stoo. Briji inafaa kubembea juu ya hizo skrubu, ukiifinya hapo haiwezi kurudi mahali ilitoka, na hapo utalaumu kila kitu isipokuwa bisibisi yako.

Sasa kubadilisha nyuzi. Kosa kubwa ni mtu kukata zote sita mara moja kwa koleo, pwaa. Springi zikibaki bila mpinzani zinavuta briji inalala chini kabisa, na ukianza kufunga nyuzi mpya unaanza safari upya kutoka sifuri. Rahisi zaidi ni kubadilisha mmoja mmoja, toa wa zamani, weka mpya, uvute karibu na sauti yake, ndio uende kwa unaofuata. Lakini kama lazima utoe zote, labda unataka kusafisha shingo maana jasho na vumbi la Nairobi vikikutana pale kwa freti, vile vichuma vya kukata shingo, vinakuwa kitu kingine, basi weka kabari chini ya mkia wa briji kabla hujalegeza chochote. Mimi natumia zile kadi za plastiki zinazobaki ukishatoa laini ya simu, kila mtu anazo kwa droo. Nne zikipangwa pamoja zinafika kama hizo milimita 3, unaziingiza taratibu kati ya briji na mwili, hapo briji haiendi popote. Ukimaliza kufunga na kutuni, mkia wa briji ukiinuka kidogo kadi zinatoka zenyewe ukizivuta. Zikikataa kutoka ujue springi zina nguvu kuzidi nyuzi, rudi kwa zile skrubu mbili.

Uzi wenyewe unaingilia nyuma, unapitia kwa kile chuma kizito, kile kichwa chake cha duara kinakaa ndani. Uvute kwa mkono mpaka usikie umekaa, usiache kichwa kimening'inia katikati maana baadaye kitashuka chenyewe katikati ya wimbo na sauti itashuka nacho. Kule juu usiuzungushe mara nyingi. Nimeona nguzo ya kitunio imezungushwa uzi mpaka imefanana na bobini ya cherehani, mizunguko imepandana, kila moja inatafuta pa kukaa, na hiyo ndiyo sauti inashukia kila ukitikisa mkono. Pima ziada ya kama sentimita 5 kupita nguzo yake, kata, zungusha ukishuka chini bila kupandanisha, mizunguko miwili ama mitatu inatosha. Nyuzi nyembamba zinaweza kuongeza mmoja. Wale wenye vitunio vya kujifunga wenyewe hawahitaji hata mzunguko mzima.

Halafu kunyoosha. Uzi mpya ni kama... hapana, wacha tu niseme wazi: uzi mpya unalegea, hakuna njia ya kukwepa. Ushike katikati, pale kwa freti ya 12, uinue taratibu kama upana wa kidole, rudisha, tuni, rudia mpaka ukiuinua haushuki tena. Taratibu nimesema. Kuna mtu huvuta ni kama anaanika nguo halafu uzi mwembamba unakatika anasema nyuzi ni feki. Na feki zipo kweli mjini, pakiti inaonekana sawa lakini ndani uzi una kutu tayari, lakini si kila uzi uliokatika ni feki.

Tuni sasa, na hapa naomba msomaji awe mpole. Kwa gitaa ya kawaida unatuni uzi mmoja umemaliza, unaenda mwingine. Kwa briji inayoelea kama hii ya springi hapana. Ukikaza ule mnene wa chini, E, Hertz 82 na kitu, yaani mitetemo kwa sekunde, briji inainuka kidogo, na wengine watano wanashuka. Ukikaza A, Hertz 110, ile E uliyoacha sawa imeshuka. Mtu asiyejua anaanza kutukana. Usipigane na uzi mmoja ukitaka uwe kamili, pita wote sita haraka haraka, karibu karibu tu, rudi mwanzo pita tena, kila raundi tofauti inapungua, ukifika raundi ya tatu ama ya nne hivi zinakuwa zimetulia mpaka ile E nyembamba ya karibu Hertz 330. Na kila mara uje kwa sauti ukitokea chini. Ukipitiliza juu, shusha chini ya sauti ndio upande tena, usiache uzi ukiwa umeshushwa tu, maana kuna ulegevu unabaki kwa meno ya kitunio na utatoka baadaye mbele ya watu. Tuni ukiwa umeishika vile unapiga, si imelala kwa mapaja. Na kama unatumia programu ya simu kwa maikrofoni pale nje ya kanisa matatu zikipita na honi zake, utatuni na honi ya matatu. Chomeka waya kwa tuna ya kawaida, kile kifaa cha kupima sauti, zile ndogo si ghali.

Nimetaja penseli. Kama kuna kitu kimoja tu utashika kwa barua hii shika hicho. Ukizungusha kitunio na ukasikia "ting!" pale juu, kimya, "ting!" tena, huo ni uzi umekwama kwa nafasi yake halafu unaruka. Mkono ukishushwa nyuzi zinalegea, kipande kidogo cha uzi kinavutwa kuelekea kichwani, na mkono ukirudi kile kipande kinakataa kurudi kwa sababu kimebanwa. Kwa hivyo sauti inarudi ikiwa juu. Jaribu nyumbani: tuni vizuri, shusha mkono mpaka chini, achilia, angalia tuna. Sauti ikirudi juu kuliko ulivyoiacha, shida iko pale juu ya shingo, paka risasi ya penseli laini, 2B iko sawa, kwa kila nafasi uzi ukiwa umeinuliwa pembeni, na pia chini ya vile vichuma vinavyofinya nyuzi nyembamba kichwani. Kama uzi umenenepa kuliko nafasi yenyewe penseli haitasaidia, hapo ni fundi mwenye faili ndogo za kazi hiyo, si faili ya panga. Sauti ikirudi chini, hiyo ni ingine, angalia mizunguko kwa nguzo ama uzi ambao haujanyooka. Na katikati ya shoo ukishusha mkono ukasikia umerudi juu, uinue mkono kidogo kwa kuuvuta, mara nyingi kile kipande kinarudi nyumbani na mtu wa kibodi hatajua chochote.

Ndio maana nasema kufunga briji kwa mbao si dawa. Uzi unaokwama pale juu utakwama hata ukiuvuta kwa kidole, na nani hapigi gitaa bila kuvuta uzi kwa kidole? Umepoteza mkono na ugonjwa bado uko palepale.

Kuna wale wa Bigsby pia, si wengi mjini lakini wapo, ule mkia mzito wa chuma kinachong'aa wenye mkono mrefu, Paul Bigsby wa California alianza kuutengeneza miaka ya 50 mwanzoni. Huo hauna springi nyuma, una moja tu fupi nene chini ya mkono, na ukilegeza nyuzi zote inaruka inaenda chini ya kochi, kwa hivyo hapa pia badilisha mmoja mmoja. Kero yake ni kile kichwa cha uzi. Kinakaa kwa kapini kadogo juu ya fimbo inayozunguka, na kila ukienda kule juu kuzungusha kitunio kinachomoka huku chini. Unarudisha, kinachomoka. Mtu anatamani awe na mkono wa tatu. Kabla hujauweka, kunja ile sentimita ya mwisho karibu na kichwa kwa kuizungushia penseli, ili uzi ukumbatie fimbo wenyewe, uvishe kwa pini, uzungushe, kisha sukuma kipande cha sponji ya vyombo kati ya fimbo na mwili kiushikilie uzi hapo. Sasa nenda juu polepole ukiwa umeushika uzi usilegee. Ukishashika mvutano toa sponji. Mkono wa Bigsby si wa kushusha mpaka chini kama wa Jimi Hendrix, ni wa kutikisa kidogo mwisho wa kodi, yaani nota zinazopigwa pamoja, ukiutumia hivyo unakaa kwa tuni bila matatizo, hasa briji yake ikiwa ile yenye viringi vidogo vinavyozunguka.

Floyd Rose, ile briji ya kufunga nyuzi pande zote mbili iliyotoka mwishoni mwa miaka ya 70, sitaongea sana. Unakata kile kichwa cha uzi, unafunga kwa ufunguo wa Allen wa milimita 3, na kabla hujafunga kule juu weka vile vitunio vidogo vya kwa briji katikati ya safari yake, si mwisho, ndio upate pa kupandia na pa kushukia. Ukisahau utafungua tena. Kwa mtu wa kwaya ya Jumapili mimi naona ni kazi nyingi bure.

Sisemi kila mtu lazima abembeze briji. Mtu wa benga anayepiga ile ridhim ya kujibizana na solo, mtindo wa kina D.O. Misiani na Shirati Jazz, anahitaji kila nota ikae palepale, gitaa mbili zikipishana hata senti 10, na nusu toni ni senti 100, masikio yanasikia zinavyogombana. Huyo akiamua briji yake ilale juu ya mwili, sawa, ana sababu, na pia uzi mmoja ukikatika katikati ya wimbo wa dakika kumi wale wengine hawapandi wote pamoja, faida hiyo. Lakini hata yeye apake penseli kwanza.

Jambo lingine dogo kwa wale wa shoo za usiku: Julai gitaa ikitoka kwa buti ya gari na ile baridi yetu, nyuzi zimejikaza na sauti iko juu, ukiipandisha jukwaani chini ya taa kali zinapata joto zinalegea. Usituni ukifika tu. Itoe kwa mfuko ikae nje kidogo wakati mnapanga spika, ndio utuni.

Ombi langu kwa wanaofundisha muziki, iwe shuleni ama kanisani: somo la kwanza liwe kufunga uzi kabla ya kodi ya G. Watoto wanapiga miaka miwili na bado wanapeleka gitaa kwa fundi kubadilishiwa uzi mmoja, na fundi mwenyewe, hata kama ni mimi, siku hiyo naweza kuwa safarini na ibada haingoji.

Na kwa wanaoleta gitaa za mtumba kutoka ng'ambo, nawaomba sana. Gitaa zinafika hapa springi mbili zimepotea, mkono haupo, na mnunuzi anaambiwa hizo si za muhimu, halafu anazunguka barabara ya Luthuli nzima akitafuta mkono wenye skrubu ya saizi yake, kumbe kuna za milimita na kuna za inchi na haziingiliani, ukilazimisha unaharibu mistari ya skrubu ndani ya tundu. Ndani ya kasha huwa kuna kamfuko kadogo ka plastiki kenye mkono, springi za ziada na funguo za Allen. Msikatupe.

Fundi na mpiga gitaa,
Eastlands, Nairobi